Idhini ya Baba na Dawa ya Rangi Mbili

Dagoretti Corner, Nairobi
10 Machi 1973

Dada yangu Saleha,

Shikamoo, na salamu kwa wote walio chini ya paa lako hapo Mambrui. Mwambie binti yangu Zena kwamba namwombea katika kila sala, hata zile ninazoswali nikisinzia. Mimi ni mzima. Mvua bado, na vumbi la huku ni jekundu, linaingia mpaka kwenye chai.

Kazi ni ile ile. Tunajenga nyumba ya ghorofa kule Lavington, na mwenyewe hajaamua anataka madirisha upande gani, basi ukuta tunaupandisha Jumatatu na kuubomoa Alhamisi. Mimi nachanganya zege na kubeba mawe. Fundi wetu ni Mkamba, jina lake Mwanzia, mtu wa makelele lakini hana roho mbaya. Ninapolala ni hapa Dagoretti Corner, chumba cha mabati nyuma ya nyumba ya Kiragu. Yeye ana shamba dogo na ng'ombe mmoja wa maziwa, na mkewe Nyokabi ndiye anayeyauza.

Mwezi uliopita nilikanyaga msumari. Mguu ulivimba nikashindwa kuvaa kiatu. Zahanati walinipa vidonge vyenye unga ndani, nusu vyekundu nusu manjano, na siku chache tu mguu ukanywea. Huku wanaviita rangi mbili. Kumbe hata dukani vinauzwa, kimoja kimoja kama peremende! Wenzangu wa mjengo humeza viwili kila Jumamosi ili kusafisha mwili na uchafu wa wiki. Nami nimeingia katika mtindo huo. Tumbo limechafuka kidogo siku hizi, nadhani ni maji, litatulia.

Ukipata mtu wa kuja huku nitumie samaki wa ng'onda, na halua, na ule mkate wa sinia unaoupika wewe. Nauota.

Nduguyo,
Shamsudin

Mambrui
5 Aprili 1973

Ndugu yangu Shamsudin,

Alhamdulillahi, barua yako imefika na sote tu wazima. Bibi wa nyumba ya nyuma ndiye aliyetangulia mbele ya haki wiki iliyopita, tumemzika vizuri. Mbuzi wako amezaa pacha. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, maana yale masomo ya watu wazima nimeyamaliza, na ukiona herufi zinayumba usicheke.

Sasa nikupe habari ambayo ndiyo iliyonikalisha hapa. Zena amechumbiwa. Kijana ni Munir, dereva wa lori la kiwanda cha pamba, mtoto wa Bi Mishi wa hapo karibu na kisima. Hana baba. Mkubwa wao ni ami yake, Mzee Idarus, mwenye duka la vitambaa huko huko Nairobi mjini. Nilimwuliza Zena kama anaridhia. Aliinamisha kichwa akaendelea kuchagua mchele, na mchele ule tuliula na mawe yake yote, kwa hiyo jibu nimelipata.

Wanataka nikaha katika mwezi wa Mlisho, kabla ya Ramadhani. Nimemlea mimi tangu anatambaa, tangu mama yake alipofariki, lakini siwezi kumwoza. Walii wake ni wewe. Ni wewe utakayekaa mbele ya Munir, umshike mkono na kutamka maneno. Basi omba ruhusa mapema. Na Mzee Idarus anasema yeye huswali Ijumaa Msikiti wa Jamia, kwenye safu za mbele. Kwa sura mnajuana tangu huku; nenda mkaonane, mzoeane kabla ya siku yenyewe.

Mkate wa sinia unakuja na Munir akipata safari.

Dada yako,
Saleha

Dagoretti Corner, Nairobi
27 Mei 1973

Dada Saleha,

Shikamoo. Pole kwa msiba wa jirani. Barua yako ilikaa kwa Kiragu, ndiyo sababu ya kuchelewa.

Nimefurahi sana juu ya Zena. Munir namkumbuka akiwa mtoto, hakuwa mwizi wa maembe kama wenzake. Sina neno dhidi yake.

Kuhusu ruhusa, Mwanzia hapendi watu wa ruhusa. Kuhusu Mzee Idarus, bado hatujaonana vizuri. Kuhusu safari, ni jambo la kuangalia, basi linachukua siku nzima na zaidi. Nitakuandikia.

Mvua zimekuja. Ukuta wa mashariki umeanguka wenyewe, safari hii hatukuusukuma.

Mkate usitumwe kwa sasa.

Nduguyo,
Shamsudin

Mambrui
20 Juni 1973

Shamsudin,

Salamu nakupa kwa kuwa ni sunna. Sisi wazima, mbuzi wazima, barabara imekatika kwa mvua na unga umepanda bei. Habari zimekwisha. Sasa wewe niambie umetufanya nini.

Mzee Idarus amemwandikia Bi Mishi. Anasema Ijumaa moja alikuona pale Jamia, safu ya nyuma yake. Mlitazamana. Alikuinulia mkono. Imamu yuko juu ya mimbari, watu kimya, nawe ukainuka, ukaruka mabega ya watu na kutoka mbio. Hata viatu uliviacha. Amekungoja baada ya sala mpaka mfagizi akaja, hukurudi.

Jana Bi Mishi alikuja kwangu na buibui lake jipya, la kwendea kwenye ugomvi.

"Nduguyo ametukimbia mbele ya watu wa msikiti," akasema.

"Labda alikuwa na haraka."

"Haraka ya khutba ikisomwa? Mwenye haraka huvaa viatu, Bi Saleha."

"Sasa unataka niseme nini?"

"Sema kama hamtutaki. Na kama mnatutaka, baba asiyejibu na aliye mbali hivyo, sheria inampa kadhi nafasi yake. Tutakwenda Malindi. Kadhi atamwoza."

Nilimwambia anywe kahawa. Hakuinywa.

Unajua maana yake? Kadhi huwaoza mayatima. Kadhi huwaoza wale ambao baba zao wamekataa kwa jeuri. Zena aozwe na kadhi na baba yake yu hai, anakula na kunywa Nairobi! Watoto wake wataulizwa: mama yenu alikuwa mtoto wa nani? Hapa mjini tayari wana majibu matatu. Wa kwanza wanasema unangoja mchumba tajiri. Wa pili wanasema wewe sasa ni mtu wa Lavington, dereva wa lori hakutoshi. Wa tatu wanasema umeoa huko. Mimi, nikuambie kweli, niko na wale wa tatu.

Zena amepunguza maneno tu, kama mtu anayepunguza chumvi.

Jibu.

Saleha

Dagoretti Corner, Nairobi
8 Julai 1973

Dada Saleha,

Shikamoo. Poleni na barabara.

Sikuoa. Ningekuwa na mke ningekuwa na mtu wa kunifulia nguo, na nguo zangu nafua mwenyewe, mara nyingi kuliko unavyodhani.

Sikumkimbia Mzee Idarus. Nilikuwa na sababu ya kutoka, na sababu hiyo haiandikwi kwenye barua inayokwenda kwa dada, tena inayopita mikono ya watu dukani. Mwambie Bi Mishi hivyo.

Sitaki kadhi. Sitaki wakala pia. Mtu anayemwakilisha baba ni wa baba mgonjwa au aliyefungwa, nami si mmojawapo. Nakuja mwenyewe. Mguu umepona kabisa, na dawa naongeza ili Mlisho unikute niko sawasawa. Mwambie Zena hivyo, kwa maneno haya haya.

Baridi ya Julai ni kali. Kiragu amewasha moto zizini kwa ajili ya ng'ombe wake anayekohoa. Mimi sijawashiwa.

Nduguyo,
Shamsudin

Mambrui
25 Julai 1973

Ndugu yangu,

Salamu za leo ni za kweli, na zote ni zako.

Nimeisoma barua yako nikiwa na hasira, nikaiweka. Nimeisoma tena bila hasira. Unasema mguu umepona kabisa. Halafu, katika mstari ule ule, unasema unaongeza dawa. Dawa ya nini, Shamsudin, kama mguu umepona?

Nikazitoa barua zako zote nikazipanga. Wewe tangu utotoni ni mtu wa tumbo lako. Hujawahi kuniandikia bila kuomba chakula, hata barua ya msiba wa mkeo uliuliza kama ng'onda walibaki. Tangu Mei huombi kitu. Mkate wa sinia umeukataa. Nguo unafua mara nyingi. Na sababu yako haiandikwi.

Mimi nimemwosha mama yetu katika ugonjwa wake wa mwisho kwa mikono hii. Nilikuosha na wewe kabla hujajua kusema. Hakuna kitu cha mwili wa ndugu yangu ambacho kitanitia aibu. Kinachonitia hofu ni wewe kufia kwenye chumba cha mabati kwa adabu.

Duka nimeacha kulitumia. Andika kwa jina la Mwalimu Badi wa madrasa, hafungui barua za watu.

Dada yako,
Saleha

Dagoretti Corner, Nairobi
14 Agosti 1973

Dada yangu,

Shikamoo, na Mungu akuweke. Isomee chumbani hii, mlango umefungwa.

Ninaharisha. Si tangu juzi, ni tangu mwezi wa tatu. Zipo siku naamka salama, nikidhani imekwisha, na mchana inarudi kama mgeni aliyesahau mwavuli. Maji matupu, na ute, na mara mbili damu kidogo. Suruali naifunga kwa kamba. Choo cha mjengo kiko nyuma ya lundo la mchanga, na kila nikielekea huko Mwanzia hupaza sauti: "Mpwani! Wewe iko kazi hapa ama iko kazi kwa choo?" Wenzangu wamenipa jina, Askari wa Choo. Wananipigia saluti.

Ile Ijumaa nilimwona Mzee Idarus na nilifurahi. Naapa. Nilikuwa nainua mkono nimjibu, ndipo tumbo likaniambia sasa hivi. Nilitoka vile ulivyosikia. Sikufika choo cha soko kwa wakati. Ningerudi vipi msikitini, Saleha, kwa mzee wa wakwe zangu, hali nikiwa vile? Nilikwenda kwa miguu mpaka Dagoretti, pekupeku, kwa sababu singeweza kukaa karibu na mtu ndani ya gari.

Na kila tumbo lilipozidi, mimi nilizidisha rangi mbili. Mwanzo viwili kila Jumamosi, kisha kila siku, na ulipoandika juu ya kadhi nikawa nameza asubuhi na jioni ili niwahi Mlisho. Nilisema dawa iliyoponya mguu itashindwaje na tumbo.

Sasa sikiliza jambo lililotokea, usidhani nimerukwa na akili.

Nilikuambia ng'ombe wa Kiragu anakohoa. Kiragu aliuona mguu wangu ulivyopona, akaenda dukani. "Wewe mguu yako moja ilikuwa kama ya ndovu na hii dawa ikatengeneza," akaniambia. "Ng'ombe iko na miguu nne. Nitampa mara nne." Akafungua vidonge hivyo, akakoroga unga kwenye maji, akamnywesha kwa chupa. Siku kadhaa. Kikohozi kilipungua kweli. Lakini ng'ombe akaacha kula. Akaacha kucheua. Alisimama tu ametazama ukuta, na maziwa yakakatika, na Nyokabi akaanza kulia, maana karo ya watoto iko ndani ya kiwele kile.

Wakamwita bwana wa mifugo kutoka upande wa Kabete. Akamsikiliza ng'ombe ubavuni, akauliza, "Umempa nini?" Kiragu akaonyesha. Bwana yule akamkaripia kama mtoto.

"Nani alikuambia ng'ombe anakula majani?"

"Sasa anakula nini, bwana? Nyama?"

"Majani inaliwa na wadudu! Wako ndani ya tumbo yake, wadogo, huwezi kuona na macho, wengi kuliko watu wa Kenya yote. Wao wanasaga, yeye anaishi kwa kazi yao. Wewe umemwaga sumu juu ya wafanyakazi wote, sasa unashangaa shamba imelala."

Kisha akaenda kwa ng'ombe wa jirani, mzima, aliyekuwa amelala anacheua. Akamtia mkono mdomoni, akachomoa lile tonge la kijani analotafuna, akalivuruga kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu na kumnywesha mgonjwa. Nyokabi alijifunika pua. Mimi nilidhani tumeletewa mchawi wa serikali.

Siku ya pili hakukuwa na kitu. Akarudi, akafanya tena. Jioni moja nimetoka kazini nikamkuta Nyokabi amesimama zizini, kaweka kidole mdomoni ili ninyamaze. Nikasikiliza. Ng'ombe alikuwa anatafuna.

Bwana yule alipokuja mara ya mwisho nilimfuata hadi kwenye pikipiki yake.

"Na mtu je?" nikamwuliza. "Mtu naye anao?"

"Mimi ni wa ng'ombe, mzee." Akanitazama kamba ya suruali. "Lakini anao. Chini, kwa utumbo mkubwa. Wewe unameza nini?"

Nikamwambia. Hakunikaripia. Aliniambia niende hospitali kesho yake, na niseme yote, nisifiche hata kidonge kimoja.

Nilikwenda. Daktari ni kijana mpole. Walipima choo changu, hawakuona amiba wala minyoo. Nikamweleza hesabu ya vidonge, naye akaweka kalamu chini. Alisema tumboni mwa mtu mzima mna vijidudu visivyo na idadi, na vingi si adui. Vipo tangu utotoni. Husaidia kusaga masalio ya chakula, na zaidi ya yote vimejaza nafasi, kwa hiyo wale wabaya wakiingia hawapati pa kukaa. Dawa ile haichagui. Iliua wabaya wa mguuni, halafu, kwa kuwa sikuiacha, ikawaua wema wa tumboni, na wabaya wasiosikia dawa wakapata nyumba bure.

Hapo nilielewa, Saleha, kwa sababu ni kazi yangu. Nyumba iliyo na watu, hata maskini, inajilinda. Tumewahi kumaliza nyumba nzuri huko Spring Valley, mwenyewe akasafiri kabla ya kuhamia. Tuliporudi kupaka rangi tulikuta popo, nyuki na walevi watatu. Hakuna aliyevunja mlango. Waliingia tu kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwauliza mnakwenda wapi. Mimi nililihama tumbo langu mwenyewe, kisha nikawa nalipiga risasi ili wageni watoke, na kila nikipiga waliokufa ni wenyeji waliobaki.

Nilimwuliza daktari kama na watu huchotewa kutoka kwa mtu mzima, kama ng'ombe. Akacheka kidogo. Akasema amesoma kwamba ng'ambo wako madaktari waliojaribu, lakini si kwa njia ya mdomo. Sikuuliza zaidi.

Nikamwuliza, "Nitapona?"

"Acha hiyo dawa leo. Kunywa maji yaliyochemshwa, yenye chumvi kidogo na sukari. Kula kidogo kidogo. Maziwa lala, yale ya mgando, kama unayapata. Wenyeji wengi watarudi. Kama watarudi wote sijui, wala sijui ni lini. Hata sisi tunajua kidogo sana juu yao."

Nilimpenda kwa hilo neno sijui. Wauzaji wa rangi mbili wote wanajua.

Basi nimeacha. Nyokabi ananipa maziwa lala kikombe kila asubuhi, anasema ni ya shukrani kwa kusimama naye zizini. Sijapona. Siwezi kupanda basi mpaka Mombasa. Nimekaa na jambo hilo siku nyingi kabla ya kulikubali, kwa maana nilitaka kushika mkono wa yule kijana mimi mwenyewe.

Karatasi ya pili iliyo ndani ya bahasha ni idhini. Nimeiandika mbele ya mashahidi wawili wa msikiti wa hapa: nampa Mwalimu Badi wakala wa kumwoza binti yangu Zena kwa Munir. Hiyo isomwe mbele ya watu. Hii ya tumbo isisomwe. Lakini Bi Mishi na Mzee Idarus wana haki ya kujua kwa nini nilitoka. Waambie unavyoona. Bora wanicheke kuliko Zena aende kwa kadhi.

Nduguyo,
Shamsudin

Mambrui
1 Septemba 1973

Ndugu yangu mpenzi,

Mwandamo wa Mlisho umeonekana na sisi tu wazima. Barua yako niliisoma chumbani kama ulivyotaka, nikalia, nikafika pale pa saluti nikacheka, Mungu anisamehe. Zena akagonga mlango kuuliza kuna nini. Nikamfungulia. Nilimsomea yote. Usikasirike, ni mwanao, na amekaa miezi akidhani hutaki kumwona.

Kisha nilikwenda kwa Bi Mishi. Nilimkuta anamenya muhogo.

"Ndugu yangu hakukimbia watu," nikamwambia. "Alikimbilia choo."

Kisu kikasimama. "Tangu lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Na sisi tulimwita mwenye kiburi!"

"Ninyi ndio mlimwita. Mimi nilimwita mwenye mke."

Akaangua kicheko, nami pia, hata majirani wakachungulia. Nikadhani tumemaliza. Nikaanza kumweleza habari ya rangi mbili, na nyumba iliyohamwa. Hapo akaacha kucheka. Akaingia ndani, akatoka na leso iliyofungwa fundo. Akalifungua. Vidonge vyako hivyo hivyo, vyekundu na manjano.

Anavyo kwa ajili ya mjukuu wake, mtoto wa dadaye Munir, anayeota meno. Kila akilia au akiharisha humfungulia kimoja na kumpaka unga kwenye ufizi. Amefanya hivyo tangu Mfungo Sita, miezi mitano sasa. Nilimtazama mtoto. Miguu yake ni kama vijiti vya mishikaki.

"Bi Saleha," akaniambia, tena kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "mwandikie nduguyo amwulize daktari wake. Mwambie namwomba. Mwambie mimi, Mishi, namwomba."

Kwa hiyo habari ya kadhi haitajwi tena. Nyumba nzima sasa inangoja barua kutoka kwako.

Idhini yako niliipeleka kwa Mwalimu Badi, akasema imetimia, anaweza kuoza hata kesho. Lakini Zena alimfuata akaiomba karatasi. Ameiweka kwenye sanduku lake. "Shangazi," akasema, "hii inatosha kwa sheria. Mimi bado haijanitosha. Nitangoja Mfungo Mosi, Ramadhani ipite." Nikamwambia Munir hatakubali. Akaniambia amekwisha mwuliza. Munir amesema lori lake nalo husimama njiani mara nyingi, na hajawahi kulitupa.

Mtoto huyu nimemlea mimi, lakini ukaidi ule ni wako.

Jibu haraka, kwa ajili ya yule mdogo.

Dada yako,
Saleha

Dagoretti Corner, Nairobi
18 Septemba 1973

Dada yangu Saleha,

Shikamoo, na Ramadhani njema inayokuja. Daktari amenikataza kufunga mwaka huu, nitalipa nikipata nguvu.

Naanza na mtoto. Nilikwenda siku ile ile niliyopata barua. Daktari anasema Bi Mishi aache kabisa. Kuota meno si ugonjwa wa kupigwa dawa, na dawa ile huharibu meno ya watoto, hutoka na rangi ya majani makavu. Mama yake aendelee kumnyonyesha. Wampeleke hospitali ya Malindi apimwe uzito, na waende na vidonge vyenyewe mkononi, waseme yote, wasione haya. Bi Mishi asiseme dawa ni mbaya, maana mguu wangu uliponywa nayo. Iwe mkononi mwa anayejua inakwenda kuua nani, na iwe na mwisho.

Mwambie pia nimepokea ombi lake na sina kinyongo.

Wenzangu wa mjengo niliwaambia. Niliwahubiria mchana mzima, nyumba, popo, walevi, wote. Walicheka, na Jumamosi wakameza. Mwanzia peke yake alinivuta nyuma ya lundo la mchanga akaniuliza, "Hiyo maziwa lala inauzwa wapi?" Nikajua siko peke yangu katika jeshi.

Mzee Idarus amekuja hapa. Jumapili, na kanzu yake nyeupe, amepita kwenye tope lote la Dagoretti. Alikaa kitandani kwangu kwa kuwa hakuna kiti. Kisha akasema, "Mimi ninalo tumbo la kufunga choo, wewe unalo la kufungua. Tungegawana tungekuwa watu wawili wazima." Mzee mwenye heshima vile! Nilicheka mpaka nikaogopa.

Kisha akaniuliza kwa nini nang'ang'ania basi. Nikasema ndilo ninalopanda siku zote, ni rahisi. "Gari la moshi lina choo," akasema. "Kila behewa." Saleha, nimekaa miezi yote hii nikiipigania safari hii, na sikuwahi kuwaza jambo hilo. Kutoka Mombasa kuja Malindi lipo basi, lakini husimama kwenye feri, mtu anaweza kushuka. Atanisindikiza yeye mwenyewe. Tutaondoka Idi ikiisha.

Sitaki kukudanganya tena. Wiki hii siku nne nilikuwa mtu, tatu nilikuwa askari. Wiki iliyopita ilikuwa kinyume chake. Daktari anasema ndivyo wanavyorudi, nyumba moja moja, huwezi kuwaharakisha kwa ngoma. Nimepungua sana, mtanishangaa, nanyi msimtie Zena hofu kwa mshangao wenu. Kwenye karamu nitakula uji na maziwa, na pilau yenu nitaitazama.

Zena aendelee kuitunza ile karatasi kwenye sanduku. Nisipofika, ampe Mwalimu Badi bila kulia, kila neno lililoandikwa pale ni langu. Nikifika, aitie jikoni anichemshie uji.

Ndugu yako,
Shamsudin